Mtoto anapopenda kasi: Baba na mama katika mbio za magari za Marekani

Mwishoni mwa Aprili 2008, katika mji wa Commerce, jimbo la Georgia nchini Marekani, magari mawili yalisogea kwenye mstari wa kuanzia mbio. Ilikuwa fainali. Katika gari moja alikaa John Force, mwanamume wa miaka 58, bingwa wa taifa mara 14. Katika la pili alikaa Ashley, mwenye miaka 25. Ashley ni binti yake wa kumzaa.

Taa ziliwaka, injini zikanguruma, na baada ya sekunde chache mambo yalikuwa yamekwisha. Ashley alikuwa amemshinda baba yake. Hakuna mwanamke aliyewahi kushinda mashindano ya kitaifa katika daraja lile la magari kabla yake.

Ni habari tamu kwa mzazi yeyote. Nani asingependa kushindwa namna hiyo? Lakini utamu wake una historia nzito. Miezi 13 kabla ya siku ile, kijana mmoja wa timu hiyohiyo alikuwa amezikwa, na aliyekuwa mkuu wa mafundi wa gari lake ni baba yake mzazi. Miezi saba kabla, John Force mwenyewe alikuwa hospitalini Dallas akiwa amevunjika vibaya. Na haikupita miezi miwili baada ya furaha ile, mzee mwingine wa mchezo huo naye akampoteza mwanawe uwanjani.

Kwa hiyo swali haliepukiki: ni mzazi wa namna gani anayemfunga mwanawe mkanda ndani ya gari kama lile? Ukiwatazama kwa mbali ni rahisi kuwaita wazembe. Ukiwafuatilia kwa karibu, jibu linakuwa gumu.

Mbio hizi Wamarekani huziita dragi. Hazina kona wala mizunguko. Magari mawili husimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka, taa za mlingoti huwaka kutoka juu kwenda chini, na anayefika mwisho kwanza ndiye mshindi. Taa hizo zilianza kutumika mwaka 1963 na huitwa Mti wa Krismasi. Kabla ya hapo alisimama mtu mwenye bendera. Kwa zaidi ya nusu karne umbali ulikuwa robo maili, yaani mita 402.

Gari la familia la kawaida huwa na injini ya nguvu za farasi 100 hivi, au zaidi kidogo. Injini za madaraja ya juu ya dragi hukadiriwa kufikia farasi 11,000. Haziendeshwi kwa petroli, bali kwa kemikali iitwayo nitromethani, ambayo moshi wake huwatoa machozi hata watu walio jukwaani. Kasi hupita kilomita 500 kwa saa. Kelele hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu sikio papo hapo, ndiyo maana kwenye majukwaa ya dragi utaona watoto wadogo wamevalishwa vizuia sauti vikubwa kuliko vichwa vyao. Mzazi aliyesahau vifaa hivyo nyumbani, heri arudi navyo au asiingie kabisa.

Vijana, spana na vumbi la jangwani

Mchezo huu haukuanzishwa na matajiri. Ulianzishwa na vijana wa kusini mwa California ambao hawakuwa na fedha za kununua gari la kasi, wakaamua kulitengeneza.

Katika miaka ya 1920 na 1930 magari ya zamani ya Ford yalikuwa kila mahali na yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Kijana alinunua moja, akaling'oa madigadi, boneti, taa, kioo cha mbele na chochote kisichosaidia gari kwenda, kisha akaanza kuichokonoa injini. Mwaka 1932 Ford walitoa injini ya V8, yenye silinda nane, ndani ya gari dogo lililouzwa kwa chini ya dola 500. Kabla ya hapo injini ya namna hiyo ilikuwa ya wenye nazo. Baada ya miaka michache magari hayo nayo yakawa mitumba, na vijana wakayapokea kwa mikono miwili. Gari lililovuliwa na kuchongwa hivyo likaitwa hotrodi.

Walikwenda kushindana katika jangwa la Mojave, kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kama sakafu. Huko hakuna mtu wa kugonga. Adui alikuwa vumbi tu, kwani aliyekuwa nyuma hakuona kitu. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama cha pamoja, SCTA, ili wapimiwe muda kwa utaratibu na si kwa ubishi wa kijiweni.

Kisha ikaja Vita ya Pili ya Dunia. Vijana wale wale walipelekwa kutengeneza vifaru na ndege, wakarudi mwaka 1945 wakiwa mafundi waliokomaa, wana akiba mfukoni, na wamezoea hatari kuliko wazazi wao walivyopenda. Wengine walinunua matangi ya mafuta yaliyokuwa yakining'inizwa chini ya ndege za kivita, wakayatia magurudumu na injini, wakayageuza kuwa magari ya mbio. Lakini ziwa la Muroc lilikuwa limechukuliwa na jeshi, na jangwa lilikuwa mbali. Barabara za mjini zilikuwa karibu.

Hapo ndipo wazazi wa California walipoanza kukesha. Vijana walishindana usiku kutoka taa moja ya barabarani hadi nyingine. Watu waliumia na wengine walikufa, wakiwamo wasiohusika. Magazeti yakaandika kwa hasira, wanasiasa wakataka sheria kali, na neno hotrodi likawa na maana ya mhuni mwenye gari.

Polisi wa Pomona

Mwaka 1948 kijana aitwaye Robert Petersen alianzisha jarida la Hot Rod. Mhariri wake baada ya muda mfupi akawa Wally Parks, mtu wa vilabu vya jangwani. Hoja ya Parks ilikuwa rahisi: vijana hawa hawataacha kasi kwa sababu ya kukaripiwa, basi watafutiwe mahali. Mwaka 1950 mtu mmoja aitwaye C.J. Hart alianza kuendesha mbio za kulipia kiingilio kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, na mkewe Peggy naye alishindana. Mwaka 1951 Parks aliunda chama cha kitaifa, NHRA, ambacho mpaka leo ndicho kinachosimamia sehemu kubwa ya mchezo huo.

Cha kuvutia zaidi katika habari hii ni polisi. Katika mji wa Pomona, mkuu wa polisi Ralph Parker alikubali kwamba kuwakimbiza vijana usiku kucha hakukuwa na mwisho. Yeye na sajini wake, Bud Coons, walikaa na klabu ya vijana wa mji huo, na uwanja wa maonyesho ukapatikana. Aprili 1953 mashindano ya kwanza rasmi ya NHRA yalifanyika hapo, kwenye eneo la kuegesha magari. Mwaka uliofuata Coons aliongoza timu ya watu wanne waliozunguka Marekani na gari lililovuta tela lenye saa za kupimia muda na vipaza sauti. Walifika kwenye mji, wakakutana na polisi na wazee wa hapo, wakatafuta kiwanja cha ndege kisichotumika, wakawafundisha wenyeji kuendesha mbio. Kila gari lilikaguliwa kwanza: breki, usukani, mkanda. Lisilofaa halikuruhusiwa kuingia.

Fikiria sajini wa polisi anayewafuata vijana wa mbio akiwa na saa ya kupimia muda badala ya pingu. Si kila mzazi wa wakati ule aliridhika. Wapo walioona kwamba watoto wao wanabembelezwa, kwamba dawa ya kosa ni adhabu. Na hawakukosea kwa kila kitu, kwa sababu kuwapa vijana uwanja kuliwaondolea hatari ya kumgonga mpita njia, lakini hakukuwaondolea hatari ya kujiua wenyewe.

Miili iliyofundisha

Ukisoma kanuni za usalama za dragi unaweza kudhani zimeandikwa na wahandisi. Nyingi ziliandikwa kwanza na majeruhi.

Bill Simpson alikuwa na miaka 18 mwaka 1958 alipovunjika mikono yote miwili katika ajali ya dragi. Akiwa mtu asiyeweza hata kujilisha, alipata muda wa kufikiria namna gari lingeweza kusimama. Baadaye akawa mmoja wa watengenezaji wakubwa wa parashuti zinazofunguka nyuma ya gari, kisha mavazi yasiyoshika moto. Mwaka 1987 alijiwasha moto hadharani akiwa ndani ya vazi lake ili wateja waamini.

Wakati huo wa mwanzo dereva alikaa nyuma ya injini, miguu ikiwa imepita juu ya klachi na giaboksi. Klachi ikipasuka, vipande vyake huruka kama vya bomu. Desemba 1967 ndivyo alivyokufa Mike Sorokin, dereva wa timu iliyopendwa sana California. Aliacha mtoto wa kiume mdogo mno kumkumbuka baba. Mtoto huyo, Adam, alikua, akajifunza kuendesha magari ya mtindo uleule wa zamani, na mwaka 2010 akashinda mashindano ya Bakersfield ambayo baba yake aliyashinda mwaka 1966. Kuna mama katika habari hiyo, na mwenye kusoma anaweza kujiuliza siku ile Adam alipoaga kwenda uwanjani mara ya kwanza, mama alijibu nini.

Machi 1970 ikawa zamu ya Don Garlits wa Florida, ambaye mashabiki humwita Baba Mkubwa. Alikuwa kwenye uwanja wa Lions, karibu na Long Beach, giaboksi ilipolipuka chini ya miguu yake. Gari lilikatika vipande viwili, na Garlits akapoteza sehemu ya mguu wa kulia. Mtazamaji mmoja naye aliumia vibaya. Akiwa kitandani hospitalini, Garlits alianza kuchora gari ambalo injini inakaa nyuma ya dereva. Wengi walikuwa wamejaribu wakashindwa. Mwaka 1971 alirudi Pomona na gari hilo akashinda, na baada ya miaka michache hakuna aliyetaka tena kukaa nyuma ya injini.

Kuna majeraha mengine yasiyoonekana kwenye picha. Parashuti zikifunguka, gari hupunguza kasi ghafla kiasi kwamba mwili wa dereva unasukumwa mbele kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wake. Jicho nalo ni sehemu ya mwili. Utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, unaweza kubanduka kutoka mahali pake. Joe Amato, bingwa mara tano, aliacha mbio mwaka 2000 kwa sababu ya tatizo hilo. Mtu anayeanza kuona vimulimuli, vivuli vinavyoelea au kitu kama pazia upande mmoja wa jicho, awe dereva wa mbio au mama wa nyumbani, anapaswa kumwona daktari siku hiyohiyo.

Mama aliyekataa kukaa nyumbani

Si wazazi tu waliowaangalia watoto kwa hofu. Wapo watoto waliowaangalia mama zao.

Shirley Muldowney alikulia Schenectady, jimbo la New York. Hakupenda shule, alipenda magari, na akiwa binti mdogo alishindana barabarani usiku. Aliolewa akiwa na miaka 16 na Jack, fundi aliyemtengenezea gari lake la kwanza la mbio, wakapata mtoto wa kiume, John. Mwaka 1973 akawa mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya NHRA ya kuendesha magari ya daraja la juu kabisa. Wanaume wengine hawakutaka kushindana naye, wengine walimcheka kwa sababu gari lake lilikuwa la rangi ya waridi. Alikuwa bingwa wa taifa mwaka 1977, 1980 na 1982. Katika fainali ya mashindano makubwa ya Indianapolis ya mwaka 1982, alimshinda Connie Kalitta, mwanamume aliyewahi kuwa mshirika wake na mkuu wa mafundi wake. Connie ataonekana tena katika habari hii.

Mwaka 1984, karibu na Montreal nchini Kanada, tairi la mbele lilimharibikia akiwa kwenye kasi kubwa. Gari lilitoka nje ya njia na kupondeka. Miguu yake ilisagika, mikono iliumia, na alipita katika upasuaji mmoja baada ya mwingine. Ilimbidi ajifunze upya kusimama.

John alikuwa amekulia kwenye gereji ya mama yake na alikuwa mmoja wa mafundi wa timu. Mwaka 1986 Shirley alirudi kwenye mbio. Mtoto ambaye angekuwa na kila sababu ya kumwambia mama basi, inatosha, aliendelea kumtengenezea gari. Watu wa ushauri nasaha wangekuwa na mengi ya kusema hapo. Lakini kila aliyewahi kumuuguza mzazi mkaidi anajua kwamba kuna wakati kumpenda mtu huyo ni kuhakikisha nati zimekazwa.

John Medlen na mwanawe

Eric Medlen alikulia Oakdale, California, mji wa wafugaji. Kabla ya magari alikuwa hodari wa kunasa ndama kwa kamba akiwa juu ya farasi. Baadaye akawa dereva katika timu ya John Force, na baba yake, John Medlen, akawa mkuu wa mafundi wa gari lake. Maana yake ni kwamba kila mara Eric alipopiga gari moto, uamuzi wa nguvu kiasi gani ziende kwenye matairi ulikuwa wa baba.

Jumatatu ya Machi 19, 2007, siku moja baada ya mashindano ya Gainesville, Florida, timu ilibaki uwanjani kufanya majaribio. Hakukuwa na kombe lolote la kugombea. Gari lilipokuwa kwenye kasi, tairi la nyuma liliharibika na gari lote likaanza kutikisika kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kichwa cha Eric kilipigwapigwa kulia na kushoto ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma kinachomzunguka dereva. Helmeti ilikuwapo, mikanda ilikuwapo. Alifariki siku nne baadaye. Alikuwa na miaka 33.

Madaktari walieleza kwamba jeraha lilikuwa la ndani ya ubongo. Ubongo ni laini, na umekaa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, ubongo hauendi sawasawa na fuvu: sehemu moja inavutwa huku nyingine ikibaki nyuma, na nyuzi nyembamba zinazounganisha seli zake hunyooka na kukatika. Hakuna haja ya fuvu kuvunjika wala damu kumwagika. Wauguzi wa kliniki wanapomwonya mzazi asimtikise kamwe mtoto mchanga anayelia, wanazungumzia hatari ya aina hiyohiyo. Shingo ya mtoto haihitaji gari la mbio.

Mzazi mwingine angeuza spana zake zote. John Medlen alibaki. Alikaa na mafundi wa Force na wahandisi wa kampuni ya Ford kutafuta nini hasa kilitokea ndani ya gari katika zile sekunde chache. Vifaa vya kupima mtikisiko vilifungwa kwenye magari. Kizimba kikapanuliwa, na sehemu inayozunguka kichwa ikavikwa sponji nene zaidi ya kupunguza kishindo. Kazi hiyo waliipa jina la Eric. Haijulikani kama humpunguzia mtu uchungu kuujua mtikisiko uliomuua mwanawe kwa namba kamili, au humwongezea.

Jibu la kiufundi lilikuja baada ya miezi sita. Septemba 23, 2007, katika mji wa Ennis, Texas, gari la John Force lilikatika vipande viwili katikati ya mbio na kugongana na gari la mpinzani wake. Force alivunjika kifundo cha mguu, goti likapata jeraha baya, mkono ukaumia, na akachukuliwa kwa helikopta hadi Dallas. Kichwa chake kilikuwa salama. Amekuwa akisema mwenyewe kwamba mabadiliko yaliyotokana na kifo cha Eric ndiyo yaliyomwokoa.

Alikaa hospitalini kwa wiki kadhaa, akafanya mazoezi ya kutembea upya, na msimu wa 2008 ulipoanza alikuwa ndani ya gari. Huyo ndiye mwanamume aliyesimama kwenye mstari kule Commerce mwezi Aprili, na gari la pembeni yake lilikuwa na binti yake. Alijua kwa mwili wake kinachoweza kutokea ndani ya gari lile. Alikuwa amemzika Eric. Bado aliwasha injini.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi ya Juni 21, 2008, mbio zilikuwa Englishtown, jimbo la New Jersey. Scott Kalitta, mwenye miaka 46, bingwa wa mwaka 1994 na 1995, alikuwa mtoto wa yule Connie Kalitta aliyeshindwa na Shirley. Injini yake ililipuka karibu na mwisho wa njia, moto ukawaka, na parashuti hazikuweza kumsimamisha. Gari lilivuka mchanga uliowekwa mwishoni ili kuyanasa magari, likaenda kugonga mbele yake. Scott alikufa.

Siku 11 baadaye NHRA ilitangaza kwamba madaraja yanayotumia nitromethani hayatakimbia tena mita 402, bali mita 305. Tofauti hiyo ya karibu mita 100 ilikuwa ni kumwachia dereva nafasi ya kusimama. Ilisemwa ni hatua ya muda. Mpaka leo haijabadilishwa. Robo maili, kipimo ambacho vijana wa miaka ya 1950 walikiona kama amri isiyoguswa, iliondoka kwa kifo cha mtoto wa mtu mmoja. Connie hakuivunja timu yake. Mwaka 2023 gari lake, likiendeshwa na Doug, mtoto wa ndugu yake, lilitwaa ubingwa wa taifa baada ya miaka mingi ya kuukosa. Mashindano ya mwisho ya msimu yalikuwa Pomona, viwanja vilevile vya Parker na Coons.

Ashley, kwa upande wake, aliacha kuendesha baada ya msimu wa 2010 alipokuwa mjamzito. Mdogo wake Brittany akaendelea, akawa bingwa mwaka 2017 na 2022 katika daraja lenye kasi kuliko yote.

Watoto wa miaka minane

Uwanja uleule wa Englishtown ndipo lilipozaliwa wazo jingine. Mwaka 1991 Vincent Napp, wa familia iliyomiliki uwanja huo, alitengeneza gari dogo la dragi, nusu ya ukubwa wa kawaida, lenye injini ndogo ya silinda moja ya aina inayotumika kwenye mashine za kukatia majani. Lilikuwa la mtoto. Mwaka uliofuata NHRA ilianzisha ligi ya watoto, kuanzia miaka minane. Siku hizi huanza hata na mitano, hadi 17. Erica Enders alianza kwenye ligi hiyo akiwa na miaka minane, na hadithi yake na mdogo wake ikawa filamu ya Disney mwaka 2003. Akiwa mtu mzima amekuwa bingwa wa taifa mara sita.

Wakubwa wa ligi hiyo hufika kilomita 137 kwa saa katika mita 201. Mzazi akisoma namba hiyo bila kushtuka, atazame tena umri. Mtoto bado ana shingo inayokua na uamuzi unaokua. Ndiyo, wanavalishwa helmeti, kinga ya shingo, jaketi lisiloshika moto na mikanda inayowazuia kutoa mikono nje ya kizimba. Magari hukaguliwa na kasi hupangwa kwa umri. Hata hivyo, kumtetea mzazi anayemwingiza mtoto wa darasa la pili humo kunahitaji zaidi ya orodha ya vifaa.

Kanuni moja ya mbio hizo inashangaza. Kabla ya kuanza, mtoto hutaja muda anaodhani gari lake litatumia, na muda huo huandikwa kwenye gari. Mwenye gari la taratibu hutangulia kuondoka, mwenye la kasi humfuata, ili wafike karibu pamoja. Atakayefika kwa muda mfupi kuliko aliotaja ameshindwa, hata kama alikuwa mbele. Kwa hiyo mtoto anajifunza kulijua gari lake, joto la siku na hali ya njia, na akikaribia mwisho huku anaongoza, inambidi aamue kama aendelee kukanyaga mafuta au aachie. Kuna watoto wanaolia kwa kushindwa kwa sehemu ndogo ya sekunde waliyozidisha.

Kabla ya hapo baba au mama huinama juu ya gari. Anavuta mkanda wa bega la kushoto, wa kulia, wa kiuno. Anagonga helmeti kidogo kwa vidole, mtoto anatikisa kichwa kwamba yuko tayari. Mzazi anauvuta tena mkanda wa kushoto, ule aliokwisha kuuvuta, kisha anarudi nyuma ya mstari.